Munigi: Mashine ya kioo cha kugusa si mali ya mtu mmoja

Kando ya barabara inayotoka Goma kwenda Rutshuru, pale Munigi, kuna kibanda cha mbao ambamo watu huleta karatasi zao. Mama mwenye kibanda anapiga barua za kuomba kazi, anatoa fotokopi za kadi za mpiga kura, anapiga picha ndogo za vitambulisho, na anaandika kwa niaba ya wale wasiojua kuandika. Kazi yote hiyo anaifanya kwa mashine moja, ndivyo watu wa hapa wanavyoita kompyuta ya kubeba. Ni nyembamba, ya rangi ya majivu, yenye kioo cha kugusa kama simu. Aliinunua Birere, ikiwa imekwisha kutumika, kwa dola 260.

Asubuhi moja kioo kikaanza kujigusa chenyewe. Mshale ukaruka huku na kule, barua zikafunguka na kufungika bila mkono wa mtu, na ukurasa wa mteja ukafutika huku mwenyewe akiutazama. Watu wanne walikuwa wamesimama mbele ya kibanda. Mmoja wao, baba aliyehama kutoka Masisi, alikuja kuchukua nakala ya diploma ya binti yake. Karatasi yenyewe ilipotea walipokuwa wakikimbia. Nakala pekee iliyobaki ilikuwa ndani ya mashine ile, kwani binti aliwahi kuipitisha hapo mwaka uliotangulia.

Fundi aliitwa. Akaangalia, akatikisa kichwa.

«Mama, kioo ndicho kimeharibika, disiki ingali nzima. Lakini kioo kipya cha mashine hii kinakaribia bei uliyoinunulia.»

Baba yule hakujali bei ya kioo. Aliuliza kitu kimoja tu: «Na karatasi ya mtoto wangu, fundi?»

Swali hilo ndilo linalofaa kuulizwa na kila mtu anayenunua, anayeuza au anayegawa mashine za namna hii katika Munigi. Hapa mashine ya kazi haiwi pambo la mwenye nayo. Ni kabati la karatasi za watu wengi, na wengi wao hawana kabati lingine lolote. Kwa sababu hiyo haifai kuichagua kwa wembamba wake wala kwa uzuri wa kioo chake. Inapaswa kuchaguliwa kwa maswali mawili: je, ikiharibika itatengenezeka hapa hapa? Na je, kilichomo ndani yake kinapatikana mahali pengine?

ZINATOKA WAPI

Mwaka 2011 kampuni la Intel la Marekani lilileta jina Ultrabook kwa ajili ya kompyuta nyembamba, nyepesi, zenye batri inayokaa muda mrefu. Watengenezaji wakubwa wakatoa za kwao kwa ajili ya maofisi. Lenovo wana ThinkPad X1, HP wana EliteBook, Dell wana Latitude. Nyingi ziliwekwa kioo cha kugusa, na baadhi zinakunjwa hadi klavie inakwenda nyuma, mtu akabaki na kioo tu mkononi.

Hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya kibanda cha mbao. Zilitengenezwa kwa ajili ya mfanyakazi wa ofisi mwenye umeme usiokatika, na ambaye kampuni lake lina mafundi wa kompyuta wa kudumu. Baada ya miaka michache kampuni hubadilisha mashine zote kwa mara moja, na zile za zamani zinauzwa kwa mafungu. Hapo safari ya pili inaanza, kupitia Dubai, Kampala, Nairobi au Kigali, mpaka kwenye butike za Birere. Inapofika Munigi, mashine imekwisha kuwa na mabwana wawili au watatu, na hakuna karatasi inayosema walivyoitunza.

Tena feza inayotolewa si ndogo. Benki za Goma zilifungwa mwishoni mwa Januari 2025, na tangu hapo noti za mkononi zimekuwa ngumu kupatikana. Mtu anayetoa dola mia mbili na zaidi kwa ajili ya mashine ameziweka akiba kidogo kidogo, au familia nzima imechanga. Akikosea, hana mahali pa kukopa ili anunue nyingine.

WANAOZISIFU WANA SABABU

Ni haki kuanza na mazuri, kwani wenye mashine hizi hawazipendi bure.

Jambo la kwanza wanalolitaja ni wepesi. Sehemu nyingine za dunia wepesi ni starehe, lakini Munigi una maana nyingine. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipasuka, moto wake ukateremka mpaka Buhene, ukafunika nyumba na kukata barabara ya Rutshuru. Siku tano baadaye, tarehe 27, watawala waliamuru kartye 10 kati ya 18 za mji wa Goma zihamishwe, na watu wakaelekea Sake, wengine wakavuka kwenda Rwanda. Mwalimu mmoja wa sekondari anakumbuka kwamba siku ile aliiacha kompyuta yake ya mezani juu ya meza, kwa sababu mkono mmoja ulishika mtoto na mwingine ulishika godoro. Leo ana mashine isiyofika kilo moja na nusu. «Hii naifunga ndani ya kitenge cha mama watoto,» anasema, «hata kama tunakimbia, matokeo ya wanafunzi yanakimbia pamoja nasi.»

Jambo la pili ni umeme. Mashine ya namna hii, mtu akiwa anaandika tu, hula wati kumi au kumi na tano hivi. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake hula mara nyingi zaidi ya hapo. Laini ya umeme unaotoka kituo cha Matebe, kule Rutshuru, inapita katika eneo la Nyiragongo kwenda Goma, lakini si kila nyumba imeunganishwa, na si kila nyumba iliyounganishwa ina uniti kila siku. Vita vilipofika mjini mwishoni mwa Januari 2025, umeme na maji vilikatika kwa siku kadhaa. Wale waliokuwa na pano ndogo ya jua na mashine nyembamba waliendelea kufanya kazi. Batri nyingi za mashine hizi zina ukubwa wa wati-saa 50 hivi, na pano ya wati 50 kwenye jua zuri inaweza kuijaza kwa muda usiofika nusu siku.

Jambo la tatu ni tundu dogo la sharjeri, lile linalofanana na la simu mpya. Mashine nyingi zilizotoka tangu mwaka 2017 hivi zinashika umeme kupitia tundu hilo. Kijana mmoja anayetengeneza matangazo ya harusi na ya matanga amenunua batri ya mfukoni yenye nguvu ya kutosha, wati 45 na zaidi, na sasa anafanya kazi hata ndani ya basi. Asidanganyike mtu, lakini: sharjeri ya kawaida ya simu haitoshi. Tundu linaweza kuwa moja, lakini nguvu si moja.

Na kioo cha kugusa chenyewe? Wapo wanaokifurahia. Muuguzi mmoja anasema wagonjwa wazee waliozoea simu wanaweza kugusa picha na kuonyesha mahali panapowauma, kitu ambacho hawawezi kukifanya kwa klavie. Mama mmoja anayefundisha watoto wadogo anasema watoto huchora herufi kwa kidole moja kwa moja. Hao wanajua wanachokilipia. Ubaya ni kwamba wanunuzi wengi hawakihitaji kabisa. Wanakilipia kwa sababu kinaonekana cha kisasa.

MAHALI PANAPOUMA

Kwanza, kioo. Katika mashine ya kawaida, ganda la nje likipasuka, fundi anabadilisha kipande kimoja. Katika nyingi za kugusa, ganda, sehemu inayosikia kidole na sehemu inayotoa mwanga vimegandishwa pamoja. Kimoja kikifa, vyote vinatolewa. Ndiyo maana mama wa kibanda alitajiwa bei ile.

Tena Munigi ni mji wa vumbi la makoro. Vumbi hilo si laini kama la udongo. Ni chembe za mawe, na mtu akipangusa kioo kwa kitambaa kikavu anakikwaruza mwenyewe kila asubuhi, akidhani anakisafisha. Inafaa kulipuliza kwanza, kisha kupangusa polepole kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, mashine ikiwa imezimwa.

Kuna pia ugonjwa ambao watu huuita pepo. Mshale unaruka wakati mashine iko kwenye umeme, lakini ukiondoa sharjeri unatulia. Hilo mara nyingi si pepo wala si kioo. Ni sharjeri mbovu ya bei ndogo. Kioo cha kugusa kinafanya kazi kwa kusikia umeme mdogo sana wa kidole, na sharjeri inayotoa umeme mchafu inakichanganya. Watu wamekwisha kuuza mashine nzima kwa bei ya hasara kwa sababu ya sharjeri tu.

Pili, wembamba. Ili mashine iwe nyembamba, katika aina nyingi kumbukumbu ya kazi, ile RAM, inachomelewa moja kwa moja kwenye ubao mkubwa. Iliyozaliwa na 4 itakufa na 4. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akimaliza kazi yake ya mwisho, TFC, alinunua mashine nzuri kwa macho, akiambiwa kwamba kumbukumbu «itaongezwa baadaye». Alipofika kwa fundi akaonyeshwa kwamba hakuna tundu la kuongezea. Mwenzake aliyenunua mashine nene zaidi, isiyo ya kugusa, kwa bei ndogo, aliongeza kumbukumbu siku iyo hiyo na kumaliza kuandika kabla yake.

Tatu, batri. Katika mashine hizi batri iko ndani, bapa, chini ya klavie. Inapozeeka inaweza kuvimba. Dalili yake ni kwamba sehemu ya kusogezea mshale inainuka au inakataa kubonyezwa, na kifuniko hakifungi vizuri. Mtu akiona hivyo aache kuichaji na aipeleke kwa fundi. Asiibonyeze ili irudi, wala asiitoboe: inaweza kuwaka moto, na katika nyumba za mbao zilizobanana moto wa mmoja ni moto wa wote.

Nne, kufuli ya bwana wa kwanza. Mashine ya ofisi mara nyingi iliwekewa neno la siri ndani kabisa, kabla hata ya Windows kufunguka. Nyingine imeandikishwa kwa jina la kampuni kupitia intaneti. Siku ya kununua inafunguka vizuri. Miezi mitatu baadaye mwenye nayo anaifuta ili aanze upya, anaiunganisha na intaneti, nayo inamuuliza imeli na neno la siri la kampuni ambalo hajawahi kulisikia. Kuanzia hapo ni kama sahani ya chuma.

Tano, umri. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa bure marekebisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10. Mashine haizimiki kwa sababu hiyo, lakini kadiri siku zinavyopita milango yake ya wezi inabaki wazi. Windows 11 nayo haikubali mashine zote. Kwa zile za Intel, kwa kawaida inaanzia kizazi cha 8. Kwa hiyo neno «i5» peke yake halisemi kitu. Ni lazima kusoma tarakimu inayofuata. i5-7300U ni kizazi cha 7, imebaki nje. i5-8350U ni kizazi cha 8, inaingia. Kwa macho mashine hizo mbili zinaweza kufanana kama mapacha.

KABLA YA KUTOA FEZA

Mnunuzi hana sababu ya kuona haya. Muuzaji mwema atangoja nusu saa. Mambo ya kufanya ni haya:

1. Kuzima mashine na kuiwasha huku ukibonyeza F1 kwa Lenovo, F10 kwa HP au F2 kwa Dell. Ikiomba neno la siri ambalo muuzaji hana, irudishwe mezani.

2. Kufungua programu ya kuchora na kupitisha kidole kioo chote, kutoka juu mpaka chini, kutoka kushoto mpaka kulia. Mahali mstari unapokatika ndipo kioo kimekufa. Jaribio lifanyike mara mbili, sharjeri ikiwa imechomekwa na ikiwa imetolewa.

3. Kufungua dirisha jeusi la amri na kuandika powercfg /batteryreport. Mashine itatoa ukurasa wenye tarakimu mbili: nguvu ambayo batri ilizaliwa nayo, na nguvu iliyobaki sasa. Ikiwa iliyobaki haifiki nusu, bei ishuke, kwani batri mpya inakaribia kununuliwa.

4. Kuuliza kama kumbukumbu inaongezwa, na kama disiki inatoka. Disiki inayotoka ni jambo kubwa: mashine ikifa, fundi anaitoa, anaiweka ndani ya kifuko chake na kusoma faili kwenye mashine nyingine.

5. Kuomba kwamba mashine ifutwe upya na kuunganishwa na intaneti pale pale mbele ya macho. Ikiuliza imeli ya kampuni, ijulikane mapema.

KAZI YA MUUZAJI NA YA MGAWAJI

Wauzaji wana kilio chao, na si cha uongo. Wanasema wananunua kwa mafungu, hawaruhusiwi kuchagua, na mbovu zikipatikana ndani ya fungu hakuna wa kuwarudishia feza. Ni kweli. Lakini hasara aliyoipata mtu njiani haimpi ruhusa ya kuipitisha kimya kimya kwa mjane au kwa mwanafunzi. Hawezi kuhakikisha kwamba mashine itadumu, lakini anaweza kusema anachokijua.

Kwa hiyo lifanyike jambo dogo. Kila mashine inayouzwa itoke na karatasi yenye mistari mitatu: namba ya mashine, hali ya batri siku ile, na siku ambazo mnunuzi anaweza kuirudisha, hata kama ni tatu tu. Karatasi hiyo haigharimu hata franga mia. Inamkinga muuzaji na ugomvi, na inamkinga mnunuzi pia anapoulizwa njiani mashine ameitoa wapi. Kila mtu wa Munigi anajua kwamba kubeba kitu cha thamani bila karatasi ni hatari.

Mashirika na watu wema wanaogawa mashine kwa vijana, kwa walimu na kwa vikundi vya akina mama nao wana la kufanya. Kugawa ni vizuri. Lakini mashine nyembamba kumi zinazong'aa kwenye picha, bila sharjeri ya akiba na bila mfuko mdogo wa fundi, mwaka unaofuata zinakuwa vifuniko kumi ndani ya sanduku. Afadhali sita zinazofunguka kwa bisibisi, ambazo vipande vyake vinapatikana Birere, pamoja na vijana wawili waliofundishwa kuzitengeneza.

Na hapa kuna uchungu mmoja. Ndani ya kompyuta na simu za dunia nzima kuna vipande vidogo vinavyotengenezwa kwa tantali, madini yanayotoka katika koltani. Koltani inachimbwa Rubaya, katika Masisi, kule walikotoka wengi wa wahamaji waliopita Munigi. Mtu wa Masisi anaona jiwe likitoka kwao bila yeye kuambiwa bei yake ya kweli. Mashine ikirudi, ikiwa imechoka, anauziwa tena bila kuambiwa hali yake ya kweli. Hawezi kuamuru soko la dunia. Lakini ukweli kati ya muuzaji na mnunuzi katika butike ya Birere hauhitaji soko la dunia. Unahitaji watu wawili tu.

KARATASI ZA WATU

Neno la mwisho ni kwa wenye mashine, na kwa familia zinazowaamini.

Februari 2025 kambi nyingi zilizozunguka Goma zilibomolewa. Wengine walirudi vijijini, wengine wakaingia katika nyumba za ndugu na za wenyeji. Katika mahangaiko hayo karatasi zilibaki chini ya mahema, zikalowa, zikapotea. Mtoto bila cheti cha kuzaliwa, kijana bila diploma, mama bila kadi ya mpiga kura, kila mmoja anaanza maisha upya kutoka sifuri. Nakala iliyobaki ndani ya mashine ya jirani inaweza kuwa ndiyo pekee.

Mwenye mashine ajue basi kwamba amebeba amana. Kila jumamosi aweke nakala ya faili za watu kwenye disiki ya nje au kwenye fleshi mbili, na moja isilale nyumba moja na mashine. Ikiwa mashine yake imefunga disiki kwa siri, kama nyingi za Windows 11 zinavyofanya zenyewe, aandike ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye karatasi na kuuhifadhi mbali. Ubao ukifa na ufunguo haupo, disiki nzima haitasomeka kwa fundi yeyote. Na siku anapoiuza mashine, aifute kabisa. Majina, picha na vijiji vya watu waliokimbia vita si vitu vya kumwachia mnunuzi asiyejulikana. Kuna watu waliohama kwa sababu hawakutaka kujulikana waliko.

Familia nayo isiache yote kwa mama wa kibanda. Siku ya kupitisha karatasi, omba mambo mawili: nakala kwenye fleshi yako au kwenye simu yako, na nakala nyingine itumwe kwa ndugu anayeaminika aliye mbali. Karatasi yenyewe iwekwe ndani ya plastiki, ifungwe vizuri, ikae mahali ambapo hata mtoto anajua. Na kama hutaki nakala ibaki ndani ya mashine ya mtu, sema wazi ifutwe mbele yako. Ni haki yako, hata kama ulilipa franga mia tano tu.

Mama wa kibanda hakununua kioo kipya. Fundi wa pili, kijana mwenye subira, aliunganisha kipanya cha kawaida, akasubiri mshale utulie kidogo, akaingia mahali panapoorodheshwa vifaa vya mashine, akazima kioo cha kugusa kama mtu anavyozima taa. Haikuchukua dakika kumi. Pepo likaisha. Tangu siku ile ile mashine ya kioo cha kugusa inafanya kazi bila kuguswa, na wateja hawaoni tofauti.

Diploma ya binti ilipatikana. Mama aliitoa mara mbili kwenye karatasi, akaiweka kwenye fleshi ndogo, na baba akaifunga fleshi kwenye ncha ya leso yake. Alipouliza bei, mama alimwambia alipe karatasi mbili tu.

«Na ile iliyo ndani ya mashine, mama, utaiacha?»

«Nitaiacha, papa, kama unakubali. Lakini usinitegemee mimi peke yangu. Mimi pia ni mtu wa kukimbia.»